Nilivyowapata wafasiri wa mvinyo, Kijapani kwenda Kikorea

Ninaratibu kazi za tafsiri nikiwa Dodoma, na nyingi hazina Kiswahili hata chembe. Mwaka jana ilikuja moja kutoka Yamanashi, Japani: kiwanda kidogo cha mvinyo kilitaka lebo, katalogi na mwongozo wa shamba kwa Kikorea.

Nikamchagua mfasiri mwenye vyeti vingi. Kazi ikarudi kwa wakati, nikaituma. Kesho yake mteja akauliza: mizabibu yetu inaota kwenye rafu? Neno lenyewe la Kijapani ni tana. Dukani ni rafu, shambani ni kichanja cha nguzo na waya, matawi yakitandaa juu ya kichwa cha mkulima. Aibu yangu mimi, mtu wa zabibu, maana hata kwetu kichanja ni cha kuanikia vyombo pia. Balaa la pili ni Koshu, zabibu yao maarufu. Herufi zake za Kichina Mkorea akizisoma kwa lugha yake zinakuwa Gapju, na ndivyo ilivyoandikwa. Mnywaji wa Seoul asingejua ni kitu gani.

Nikaachana na orodha za wafasiri, nikawafuata watu wa mvinyo. Niliwaandikia waagizaji wa Seoul, nikauliza nani huwakalimania wakipata wageni wa Kijapani. Nikatafuta pia Wakorea waliosomea mvinyo Chuo Kikuu cha Yamanashi. Wengi hawakujibu. Watatu wakakubali jaribio la kulipwa (la bure ni dhuluma, nimewahi kufanyiwa).

Ilikuwa aya moja yenye mitego. Tana, bila shaka. Vikofia vya karatasi wanavyovisha vishada visinyeshewe. Mvinyo uliolazwa juu ya mashapo ya hamira. Na sheria ya lebo iliyoanza Oktoba 2018: "mvinyo wa Japani" ni wa zabibu zilizolimwa Japani tu. Uliotengenezwa humo kwa juisi nzito kutoka nje haustahili jina hilo. Wawili waliziita aina zote mbili mvinyo wa Japani.

Wa tatu alituma maswali kumi na moja kabla ya sentensi hata moja. Chipukizi moja linaachiwa vishada vingapi? Kumbe amewahi kupogolea mizabibu misimu miwili. Nikampa shamba na lebo. Maelezo ya ladha sikumpa, uandishi wake ulikuwa mkavu kama karatasi ya dawa. Hiyo nilimpa mmoja wa wale wawili, aliyewahi kuhudumu mezani kwenye mgahawa wa mvinyo. Yeye ndiye aliyekataa kuuita ukakasi wa mvinyo kwa neno la kawaida la Kikorea, kwa sababu linamkumbusha mtu tunda bichi la kaki. Akaweka "tanini". Kisha kila mmoja akapitia kazi ya mwenzake.

Gharama ilikaribia mara mbili ya awali, na nilimweleza mteja mapema. Akalipa bila neno, ila akaniomba nifute yale mafaili ya mwanzo yote, asije mtu akachapisha mizabibu ya kwenye rafu.