Ngoma ya tatu

Juzi usiku tukila omena mzee wangu aliniuliza, kwa ile sauti ya chini ya mtu ambaye amefikiria kitu siku nyingi, "Mama watoto, kwani hizi ngoma zitafika ngapi?" Sikumjibu vizuri. Nilimwambia tutaongea, nikaosha vyombo, na tangu hiyo siku nimekuwa nikikanyaga cherehani hapo soko la Kibuye, Kisumu, huku namjibu kichwani, sasa leo wacha niandike yote nimalize.

Ziko saba. Nyumba yetu ni sebule na chumba kimoja, kwa hivyo najua saba ni nyingi, hata sibishani. Mbili ziko juu ya kabati, tatu nyuma ya sofa, mbili kubwa zilikuwa upande wake wa kitanda na ni kweli alijigonga kidole cha mguu usiku stima ikiwa imepotea. Hiyo niliomba msamaha na nikazihamisha.

Na ile ya unga pia ako na haki. Niliinunua kwa mchuuzi wa kando ya barabara, imepakwa rangi nyeusi inang'aa, nikaingia boksi. Miezi miwili hivi baadaye kila asubuhi tukawa tunapata unga mwembamba wa mbao kwa sofa, wadudu walikuwa ndani, halafu ikapasuka kutoka juu mpaka chini kwa sababu mti ulichongwa ukiwa mbichi ukakaushwa haraka. Aliniambia "ngoma ikivuma sana hupasuka" na nikanyamaza. Lakini siku hizi sinunui ngoma kabla sijaigeuza nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikapapasa ukuta wote wa ndani kama uko laini na unene ni mmoja, nikaigonga ubavuni nisikie kama mti umekauka. Hayo sikufundishwa na mtu, nilifundishwa na hiyo hasara.

Sasa kile sijawahi kumwambia vizuri ni hiki. Yeye anaona nakusanya mapambo. Mimi nimezaliwa Isukha, kule Kakamega, na kwetu Jumamosi ukiwa mtoto ulikuwa unaamshwa na isukuti, ngoma zetu za kienyeji, kabla jua halijatoka, fahali anapelekwa uwanjani kupigana na kijiji kizima kiko nyuma yake kinakimbia, umande mpaka magotini. Mtoto akizaliwa ni isukuti, harusi ni isukuti, mtu akifa ni hiyo hiyo. Na isukuti si ngoma moja. Ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka wa 2014 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, waliiweka kwenye orodha yao ya urithi, na watu wetu walifurahi sana, lakini orodha yenyewe ni ile ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Wapigaji wengi ni wazee, hawana wa kuwarithi, na hata vifaa vya kutengenezea ngoma ni shida kupata.

Niliyaona hayo kwa macho kwenye matanga ya shangazi yangu. Kulikuwa na jenereta na spika mbili zimesimama kama milango, na kando kabisa, karibu na migomba, wazee wawili na ngoma mbili. Ya tatu ilikuwa imelazwa kwa nyasi, hakuna mtu wa kuivaa begani. Wale wazee walipiga hivyo hivyo, na ukiwa umekua na isukuti unasikia lile shimo, unasikia mahali sauti inafaa kuingia na haiingii. Nililia, na watu walidhani namlilia shangazi peke yake.

Baadaye nikaanza kumtembelea fundi mmoja upande wa Shinyalu. Ngozi ya mbuzi analoweka usiku kucha, asubuhi inatoka nzito inateleza kama samaki, ananyoa manyoya kwa wembe polepole bila kuikata, halafu anaiwamba juu ya mzinga ikiwa bado mbichi, anavuta huku anapigilia vijiti vya mbao, kimoja huku, kingine ng'ambo yake, kamwe hafuati mzunguko maana itavutika upande mmoja. Halafu anaiacha ikauke yenyewe na ndiyo inajikaza. Zamani isukuti ilikuwa inawambwa ngozi ya kenge. Mzee wangu aliogopa sana hapo, na alifanya vizuri, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya 2013 haikubali uwe na ngozi ya mnyama wa porini bila kibali. Kwa nyumba yetu hakuna ya kenge hata moja. Zote ni mbuzi na ng'ombe.

Pesa ni ya chama, zamu yangu. Karo haijawahi kuguswa na yeye anajua.

Mzee wangu ni Mjaluo, shabiki wa Gor Mahia damu, na isukuti kwake ni kelele ya mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, siku timu hizo mbili zinacheza derbi ya mashemeji. Nimekubali. Lakini mwezi wa nne mvua ilinyesha wiki nzima, unyevu ukaingia ngozi zikalegea zote, ukipiga inasema bufu kama gunia. Nilikuwa nimeketi na ile kubwa karibu na jiko naikausha, naigeuza geuza isiungue, na yeye akapita akaigonga kwa kidole. Akaenda kuoga. Akarudi akaigonga tena. Akasema, "Imepanda." Hakusema kingine, lakini mtu ambaye hajali hawezi kusikia hiyo tofauti.

Kwa hivyo jibu langu ni nane. Zile mbili zilizokuwa karibu na kitanda ni isukuti, kubwa na ya kati, za huyo fundi, mti mmoja mkono mmoja, na ndogo yake anaichonga saa hii. Ikija nitatoa nne za zamani zisizo na wenzao, ziende kwa kwaya ya vijana ambao wanapigia ndoo. Zibaki nne. Na zile tatu za isukuti sitaki zikae juu ya kabati, nataka kijana wetu wa kwanza na binamu zake wazivae Disemba tukienda nyumbani, wale wazee wawili bado wako.

Nilimsomea haya jana usiku kabla ya kulala. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza nauli ya kwenda Shinyalu saa hii ni pesa ngapi, watu wawili.