Miaka kumi ya kutafuta hamasa, na meseji zangu za M-Pesa

Wengi wananiuliza kama kweli nimefaulu Hisabati ya kidato cha nne niliyorudia, kwa hiyo nianze na jibu kabisa: ndiyo, nimepata C. Ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro, nina miaka thelathini na nne, na hiyo C nimeihangaikia kuliko nilivyomhangaikia mume. Naandika kwa sababu kila anayesikia ananiambia, "Hongera, ulikuwa na nia." Nia! Nia ninayo tangu 2009 nilipopata F kidato cha nne. Ilikuwa inakuja Januari na kuondoka kabla ya Pasaka, na haiagi.

Mara ya kwanza nilijisajili kwa hasira. Kwenye kikao cha harusi, wifi yangu alisema mweka hazina awe mtu "aliyesomasoma kidogo", na macho yake yalikuwa kwangu. Kesho yake nikaenda kituoni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Elfu hamsini na kitu, ukichanganya na picha na nauli. Wiki mbili nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Halafu harusi ikapita, wifi akaniletea kitenge kizuri ajabu, tukapatana, na mimi na logarithimu tukaachana palepale. Siku ya mtihani nilikuwa nakata sare za shule. Ndipo nilipojua kwamba hasira yangu mimi inazimwa na doti moja.

Mara ya pili ndiyo yenye aibu, kwa hiyo naisimulia yote. Shoga yangu alinipeleka kwenye semina ya hamasa. Ukumbi wa hoteli, kiingilio elfu thelathini, soda na sambusa mbili ndani. Msemaji alikuwa amevaa suti iliyokatwa vibaya mabegani, na nusu saa nzima sikumsikia, niko kwenye yale mabega. Nilipozinduka alikuwa anasema kwamba mtu asiyejua tunu zake, yaani mambo anayoyathamini kweli, hatafika popote. Kwa hilo hata leo namuunga mkono. Ila alichofanya baada ya hapo! Aligawa karatasi yenye maneno kama hamsini, akasema tuchague matano kwa dakika tano. Nikachagua Uadilifu, Ubora, Uongozi, Ubunifu na Familia. Niliyachagua kama ninavyochagua vifungo, kwa kung'aa. Ukiyasoma unadhani mimi ni benki.

Nikayaandika kwa kalamu nene na kuyabandika ukutani juu ya cherehani. Siku ya tatu akaja mama mmoja, mteja wangu, aliyekuwa amefuata gauni lake kwa mara ya nne. Akasimama akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili. "U-a-di-li-fu." Akanigeukia. "Haya fundi. Gauni langu liko wapi?" Wasichana ninaowafundisha kushona walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Jioni ileile nikaibandua karatasi, nikaikatia patani ya kola. Kola ilitoka vizuri, kwa hiyo sitasema elfu thelathini zote zilipotea.

Msemaji huyohuyo alisema watu waliofanikiwa huamka saa kumi alfajiri. Niliamka siku sita. Siku ya sita nikashona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto. Mtu akikushauri kuamka saa kumi, muulize kwanza yeye analala saa ngapi, na chai yake anapika nani.

Miaka mingine katikati siitaji. Kulikuwa na mwaka wa kuwekeana dau na mdogo wangu, nikashindwa, nikalipa kuku.

Kilichonitoa hapo kilianza na deni. Muuza vitambaa alinidai pesa ambayo nilikuwa na hakika nimeshamlipa, nikakaa na simu kutafuta ushahidi. Mimi sifuti meseji za M-Pesa, nimelimbikiza za miezi na miezi. Nilipokuwa nazipitia moja moja nikaanza kuona jambo la ajabu: ninachosema nakipenda na pesa yangu inakokwenda havijuani hata kwa salamu.

Basi nikachukua daftari la vipimo, nikageuza nyuma, nikaandika miamala yote ya miezi mitatu. Halafu nikachukua chaki zangu za kuchoria kitambaa. Nyeupe: nilicholipa baada ya kukumbushwa. Nyekundu: nilicholipa huku nanung'unika. Bluu: nilicholipa kabla hakijadaiwa. Hii mbinu ni yangu, sikuifundishwa na mwenye suti, na naomba mnikubalie nijisifu nayo kidogo.

Kikoba: nyeupe, siku ya mwisho kila mara. Michango ya harusi: nyekundu tupu. Ile "Familia" yangu ya ukutani, Mungu anisamehe, nusu nyekundu. Bluu zilikuwa chache, nikazihesabu kwa vidole. Nauli ya msichana mmoja anayetoka Mkundi, siku ambazo kwao hapakuwa na kitu. Daftari tatu za wanafunzi wangu. Na vocha, elfu moja, elfu moja, elfu mbili, zote kwenda namba moja. Ya nani? Ya binti niliyemfundisha kazi, siku hizi ana cherehani yake Ifakara. Namtumia vocha ili akikwama kwenye kukata mkono wa gauni anipigie aniulize. Namlipia mtu anisumbue! Na hakuna aliyewahi kuniomba.

Nilikaa pale na chaki ya bluu mkononi muda mrefu. Hapakuwa na bluu hata moja ya kutafuta heshima kwa wifi.

Bado sikuona hayo yanahusiana nini na Hisabati. Mwenye kunionyesha alikuwa mwanafunzi. Tulikuwa tunakata sketi ya duara zima. Kiuno inchi 28, unagawa kwa sita na robo, unapata kama nne na nusu. Hiyo ndiyo unayopima kutoka kwenye kona ya kitambaa ulichokikunja kikawa tabaka nne. Akauliza, "Dada, kwa nini sita na robo? Kwa nini si saba?" Nikamjibu, "Ndivyo tunavyofanya." Akanyamaza kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyoniua. Fundi wangu alinijibu hivyohivyo miaka ile, na nilimchukia kwa siku mbili.

Usiku nikafungua vitabu. Mzingo wa duara ni mara mbili ya pai kuzidisha nusu kipenyo, na mara mbili ya pai ni 6.28. Sita na robo! Kanuni hii nilishaikariri kidato cha tatu, na sketi nimezikata mamia, na siku zote hizo hazikuwahi kukutana kichwani mwangu. Nilicheka peke yangu mpaka mume akawasha taa.

Kuanzia hapo nikabadilisha mpango mzima. Sikusoma tena ili nifaulu. Kila mada niliyosoma katikati ya wiki, Jumamosi jioni baada ya kufunga niliwaeleza wasichana, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia. Uwiano tuliufanya kwa kukuza patani ya mtoto iwe ya mtu mzima. Takwimu kwa vipimo vya wateja, bila majina, maana kiuno cha mtu ni siri. Kama sikuwa nimeelewa, walijua ndani ya dakika moja. Kutega Jumamosi kungekuwa sawa na kumwambia yule binti wa Ifakara asipige simu, na hilo siliwezi. Kama huna wanafunzi, tafuta hata mtoto wa jirani.

Trigonometria ilinishinda na nimeiacha kwa amani. Nililenga maswali kumi ya sehemu ya kwanza ya mtihani, yana alama 60, na C inaanzia 45. Waliniambia ni ujanja wa mvivu. Haya.

Niseme pia kwamba hamasa haikukaa kila siku. Wiki za sare, Desemba na Januari, sikugusa kitabu kabisa, wala sikujilaumu, kwa sababu safari hii nilijua narudi kwa nani. Nikaufanya mtihani Novemba, na tumbo likiniuma hasa.

Matokeo yalipotoka, wasichana ndio walioyafungua kwenye simu, mimi nilijifungia stoo na vitambaa. Nikasikia vigelegele. Yule mama wa gauni alikuwepo, akaniambia hongera, akauliza kama blauzi yake imekwisha. Ilikuwa haijakwisha.

Wifi sijamwambia mpaka leo. Simfichi, kila nikikutana naye nasahau.