Nilivyoikimbia foleni ya Paris–Brest–Paris

Mtu aliyekulia Tanga hatishwi na baiskeli. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi. Keria ya nyuma ilibeba gunia la mkaa, na siku nyingine mimi juu ya gunia. Hapa Rennes, Ufaransa, mwaka wangu wa tisa sasa, wenzangu wa klabu ya baiskeli wameniambukiza ugonjwa mwingine: Paris–Brest–Paris, kilomita kama 1,200 kwenda na kurudi, safari iliyoanza mwaka 1891 na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka minne.

Huingii kwa kulipa tu. Mwaka huohuo lazima umalize kilomita 200, 300, 400 na 600 ndani ya muda uliowekwa. Na aliyemaliza safari moja rasmi ndefu zaidi mwaka uliotangulia hufunguliwa usajili mapema, kwa hiyo ndiye anayechagua saa ya kuondoka kabla nafasi hazijajaa.

Mwaka 2023 tulitoka Rambouillet, mji ulio karibu na Paris. Kila mtu huchagua kikomo chake cha muda wa kumaliza. Wenye haraka walichagua saa 80. Wengi walichagua saa 90 na kuondoka Jumapili jioni hadi usiku, kundi moja kila robo saa. Lililobaki ni la saa 84, Jumatatu alfajiri, na mimi nikachagua hilo.

"Saa sita za bure unazitupa?" mzee mmoja wa klabu aliniuliza. Kwenye karatasi alikuwa sahihi. Lakini mimi nimegombania daladala Kariakoo saa kumi na moja jioni, na pale nilijifunza kwamba umbali haumchoshi mtu kama kusubiri. Barabarani watu hupishana. Balaa liko kwenye vituo vya ukaguzi, unapogongewa mhuri kuthibitisha umepita: wanaingia mamia kwa pamoja, foleni ya mhuri, foleni ya chakula, foleni ya choo, foleni ya kitanda. Hesabu dakika 25 hapa, 40 kule, uone hizo saa sita zinaishia wapi. Tena wa saa 90 huanza kwa kukesha, kisha Jumatatu usiku wote wanautafuta usingizi Loudéac, mojawapo ya vituo hivyo.

Mimi Jumapili nililala kama mtu mwenye akili zake. Jumatatu, karibu saa tano usiku, nikafika kituo cha Tinténiac, kilomita 30 hivi kutoka kitandani kwangu mwenyewe (usicheke). Mke wangu alikuwa ananisubiri na chai ya tangawizi. Kanuni zinaruhusu usaidiwe kituoni tu, si njiani. Kitanda nilipata bila kusukumana. Loudéac niliingia asubuhi, umati umeshaondoka.

Gharama ipo, nisiwadanganye. Ukielekea Brest upepo mara nyingi huja usoni, na mimi sikuwa na mgongo wa mtu wa kujifichia. Kilomita nyingi nilikuwa peke yangu na taa yangu. Kituo kimoja nilikuta masufuria yamekwanguliwa, nikala mkate mkavu na ndizi.

Wakati wa kurudi nilimkuta yule mzee amekaa kwenye ngazi za kanisa, kofia bado kichwani, anakoroma. Sikumwamsha, alikuwa bado na muda. Nilifika Rambouillet Alhamisi mchana, saa mbili na ushee kabla ya muda wangu kwisha.

Mwaka 2027 nitaomba saa 84 tena. Mke wangu ameshaambiwa: safari hii, pamoja na chai, aje na hotpoti ya wali.