Vikombe vya elfu 12 na vikombe vya laki 4, mchezo ni ule ule

Kazi yangu ya kila siku ni fundi umeme wa majumbani, mazingaombwe nafanya wikiendi tu kwenye bethdei za watoto, na mchezo ambao huwa naombwa nirudie ni ule wa vikombe vitatu na vimpira. Unafunika kimpira, kinapotea, kinaibukia kikombe kingine, mwisho unafunua watu wanakuta limau zima. (Ukiucheza kibarazani kuna mtu lazima apite aseme hiyo ni karata tatu, chungeni hela zenu.)

Seti ya kwanza niliipata Kariakoo duka la midoli, elfu 12, plastiki nyekundu na vimpira vya sponji. Nikahangaika nayo karibia mwaka mzima nikijua shida ni mimi. Kwanza vyepesi mno, feni ikiwashwa vinayumba. Halafu kitako ni bapa kabisa, na kwenye mchezo huu kikombe kinakaa mdomo chini kwa hiyo kitako ndo kinakuwa juu, kinatakiwa kiwe kimebonyea kidogo ili kimpira kikikaa pale kitulie, changu kilikuwa kinabiringika mpaka chini ya meza na watoto wanapiga kelele anko kimekuponyoka! Tena ukivipachika kimoja juu ya kingine inatakiwa ibaki nafasi katikati ya kutosha kimpira, kwa nini ibaki hiyo sitasema, lakini vya kwangu vilikuwa vinabana mpaka uvute kama unang'oa jino. Na limau haliingii, ikabidi nimalizie na ndimu, ambayo haishangazi mtu.

Nikajibana miezi mitano, nikamwomba binamu yangu aliyeko London aniletee seti ya shaba. Na mzigo wote ilinitoka kama laki 4, mke wangu mpaka leo anajua ni laki na nusu.

Jamani shaba ni tamu, nisiwadanganye. Uzito wake peke yake unautuliza mkono, ukikiweka mezani kimewekwa, vinatoka kwenye vyenzake bila kugoma, mdomo mpana limau linaingia na nafasi inabaki. Wiki ya kwanza nilikuwa navishika tu hata sifanyi mchezo. Ila kazini nikakutana na mambo ambayo plastiki haikuwahi kunifanyia. Kimpira kigumu kikigusa ndani unasikia "ti!", na watoto wanaokaa mbele masikio yao usiyachezee. Pili vinang'aa kama kioo, kidole kinachotakiwa kisionekane kinaonekana ubavuni mwa kikombe. Jasho nalo linaacha madoa, kila nikirudi nasugua kwa limau na chumvi, limau lile lile la kwenye shoo.

Kelele niliimaliza kwa shangazi yangu. Nilimpelekea vizibo vya chupa za mvinyo, vile vya gome, nikavichonga viduara, akavifumia uzi wa kroshia juu. Vimpira vinne, maana hadhira inajua vitatu. Bei yake soda mbili, na nahisi vimenisaidia kuliko laki 4 yote.

Kilichonishinda ni watu wazima. Kwenye sherehe moja Mbagala baba mwenye nyumba alikamata kikombe cha shaba, akakigonga gonga, akasema hivi si vya kawaida, vina sumaku. Shoo ikafia pale, kila nilichofanya baada ya hapo ilikuwa "sumaku". Vile vyekundu hakuna aliyewahi kuvikagua kwa sababu kila mtu anavyo kwao. Na wanamazingaombwe wa Marekani, Penn na Teller, wanacheza huu mchezo kwa vikombe vya plastiki vinavyoonyesha ndani, unaona kila kitu na bado mikono inakuacha nyuma!

Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma ya kale aliyekufa mwaka 65, aliutaja kwenye barua yake, na neno alilotumia ni vile vikombe vidogo vya siki vya mezani. Yaani tangu zamani ni vyombo vya chakula. Nikarudi Kariakoo, safari hii duka la vyombo, nimejaza limau mfukoni. Nilipima vikombe vya stili mpaka muuzaji akachoka na mimi, nikapata vitatu vinavyopokea limau na kuacha nafasi vikipachikwa, elfu 9 vyote. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani akavigonga vitako kwa nyundo ya kichwa cha mviringo vikabonyea kiasi, akakataa hela, akataka aone mchezo.

Shaba nazitoa kwenye harusi, jukwaani, watu wakiwa mbali na siyo wa kushikashika. Kwenye bethdei natembea na stili. Jumamosi iliyopita dogo mmoja aliomba akague, nikampa vyote vitatu, akachungulia ndani, akanusa, akamwambia mama yake mbona ni vikombe vya uji hivi. Wote wakawa wanamwangalia yeye na vikombe vyake, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni kwenye limau.