Yule Mtoto Aliyebaki Ithaca

Jumamosi iliyopita, katika ngano ya Odysseus, tulifika pale penye upinde, na tangu siku hiyo sijatulia. Nikiosha vyombo nawaza swali aliloniuliza msichana mmoja, nikiwa kwenye feri nawaza, basi acha niandike.

Kwa wanaonisoma mara ya kwanza, mimi huwa nasimulia ngano za Wagiriki wa kale kwa vijana wa mtaani, kila Jumamosi baada ya alasiri, barazani kwa marehemu bibi yangu hapa Kibokoni, Mombasa. Wanakuja tisa, kumi hivi, wa miaka 13 mpaka 16, mmoja analeta viazi karai, mwengine analeta ukwaju, tunakaa. Mwaka wa kwanza nilianza vibaya sana. Nilianza na Zeus na nduguze na nani kamzaa nani, majina ishirini kabla hakijatokea kitu, na matineja wakichoka hawakwambii, wanainamia tu simu zao na wewe unabaki unasimulia ukuta.

Kilichonisaidia ni kurudi kwa Homer mwenyewe, yule mshairi wa Wagiriki wa kale. Ile stori yake ya Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, ina sehemu 24, na katika nne za mwanzo Odysseus humuoni kabisa, unayemuona ni mtoto wake Telemachus, kijana wa kama miaka 20 yuko kwao Ithaca. Babake aliondoka yeye angali mchanga. Vita vya Troy miaka 10, na kurudi nyumbani miaka 10 mengine. Huku nyuma nyumba imejaa wanaume 108 wamekuja kumposa mamake na hawaondoki, wanachinja mifugo ya babake, wanakunywa divai yake, na kijana amekaa pembeni hana la kufanya. Akaja mgeni akamuuliza, wewe ni mwana wa Odysseus kweli? Akajibu kuwa mama ndiye asemaye hivo, yeye mwenyewe hajui, kwani nani alijijulia mwenyewe babake ni nani.

Nilipoanzia hapo simu zikawekwa chini. Na sikushangaa, maana katika hawa vijana wangu wako ambao baba zao wako Saudia na Qatar, yuko mmoja babake ni baharia wa meli za mizigo, wanajua pesa zinaingia na sauti inasikika usiku, lakini mtu mwenyewe hawajamshika mkono miaka. Yule wa baharia akauliza, "Kwani anti, hakuna hata mtu mmoja aliyemletea habari?" Nikamwambia ndio hapo sasa, kijana akachukua chombo akaenda Pylos akaenda na Sparta, kuwauliza wazee waliopigana na babake kama wanajua yuwapi.

Mambo ya bahari hapa kwetu hayanipi tabu hata. Nikisema nahodha, mlingoti, tanga, wanaona. Ile ya Aeolus, mlinzi wa pepo, kumpa Odysseus pepo za kumzuia njiani zimefungwa ndani ya mfuko wa ngozi ya ng'ombe ndio wameipenda zaidi, kwa sababu wamekaribia nyumbani mpaka wanaona moto wa watu wa Ithaca unawaka, nahodha kapitiwa na usingizi kwa kuchoka, mabaharia wakadhani mle mna dhahabu wakaufungua. Mtoto ambaye babu yake alikuwa mvuvi humuelezi kwa nini hiyo inauma.

Kazi iko kwenye maneno mengine. Pandora kwa mfano, yule mwanamke aliyefungua chombo mabaya yote yakatoka, vitabu vingi vinasema boksi, lakini Mgiriki wa kale alisema pithos, nalo ni chombo kikubwa cha udongo cha kuwekea divai au nafaka, boksi liliingia karne ya 16 pale mwanachuoni Erasmus alipoandika kwa Kilatini akalichanganya neno. Sasa sisi tuna kasiki! Neno liko tayari, limekaa ndani ya Kiswahili linangoja, kwa nini niseme boksi? Na neno miungu nalo lataka adabu yake. Kuna mzee mmoja alinijia, shikamoo marahaba, akaniuliza kwa upole mbona nawafunza watoto masanamu. Hakukosea kuuliza. Tangu hapo kila nikianza nasema kwanza, haya ni waliyoamini Wagiriki wa zamani, sisi tunasikiliza ngano, na mzee sasa akipita husimama kidogo.

Haya, upinde. Odysseus amerudi, amejigeuza ombaomba, mtoto wake ndiye anajua, pamoja na wachache. Penelope, mamake Telemachus, amesema atakayeupinda upinde wa mumewe akautia kamba, halafu akapitisha mshale kwenye mashoka 12, ndiye atakayemuoa. Nilikuja na ufito wa mkoko na kamba nikawapa waujaribu, wakahangaika nao, wakajua hiyo si kazi ya mchezo. Ndipo nikawaambia, wa kwanza kujaribu alikuwa Telemachus. Mara ya kwanza ukamshinda, mara ya pili, ya tatu, na ya nne ilikuwa inaingia, kamba ilikuwa inaingia kabisa, babake akamtikisia kichwa. Asifanye. Akauweka chini akasema mbele ya wale wanaume wote kuwa labda yeye ni dhaifu. Yule kijana wa baharia alikuwa bado ameshika ufito, akasema polepole, "Alikuwa aweza." Hakuna aliyecheka. Mimi kwangu hapo ndipo mtoto anapokuwa mtu mzima, kuliko hata vita vyenyewe vinavyofuata.

Na ningeweza kuishia kwenye vita, Odysseus kashinda, mke na mume wamejuana, kwaheri. Mwaka jana niliishia hapo. Simulizi nyingi za vijana zinaishia hapo. Lakini baada ya wale wanaume kuuawa kuna wajakazi 12, kati ya 50 wa nyumba ile, waliokuwa wakilala na wachumba. Wakaamrishwa kwanza watoe maiti, waoshe meza na viti kwa maji na sponji mpaka vitakate. Kisha babake akamwambia Telemachus awaue kwa upanga, na Telemachus, huyu huyu tuliyempenda, akasema hawastahili kifo safi, akachukua kamba ya jahazi akawatundika wote. Homer anasema miguu ilitapatapa kidogo tu, si kwa muda mrefu.

Nilisema yote. Sauti ilinitetemeka lakini nilisema, kwa sababu nimeona nikiwaficha hapa nitakuwa nimewadanganya juu ya kijana waliyemuamini kwa wiki saba.

Msichana mmoja anayekaa Kengeleni, ambaye hata huwa hazungumzi sana, akauliza, "Na wajakazi wangewakataa wale wanaume, wangeenda wapi?"

Kengeleni imepata jina kutokana na kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru, miaka ya 1870. Anapita hapo kila siku kwa matatu. Sikumjibu, sikuwa na jibu. Akauliza tena majina yao. Nikamwambia Homer katika hao waliokuwa na wachumba anamtaja Melantho, wengine wamepita bila jina. "Hata Saada ana jina," akasema, yule kijakazi aliyempelekea Fumo Liongo mkate wenye tupa ndani akiwa kifungoni.

Jana usiku amenitumia ujumbe wa sauti, dakika nne, anaisimulia upya mwenyewe kwa Kimvita chake. Wote 12 amewapa majina. Ameanzia pale wanapoosha meza.