Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa unasihi

Saa 1:15 asubuhi nafungua ofisi, ambayo pia ni stoo ya vitabu chakavu. Watu hudhani kazi yangu ni kukunja nne na kutoa mawaidha. Hadi saa 4 nimeshaona wanafunzi wawili na kuandika ripoti, basi.

Saa 4:20 mwalimu wa hisabati anamleta kijana wa miaka 14, kamshika mkono wa shati. "Mtengeneze huyu." Utadhani mimi ni fundi baiskeli. Kijana kamtukana darasani, mara ya tatu ndani ya wiki mbili.

Simuulizi "kwa nini?" Swali hilo huzaa uongo, maana mara nyingi hata mwenyewe hajui. Namweleza kwamba tutakayosema yanabaki humu, isipokuwa nikisikia yeye au mwingine yuko hatarini. Kisha nanyamaza. Anabandua rangi ya meza kwa ukucha. Dakika ya sita, ndiyo kwanza anavuta pumzi aseme neno, mlango unafunguliwa. "Ameshaomba msamaha?" Bado, mwalimu. Tunaanza upya. Dakika ya kumi na tano mlango tena: "Nataka aandike barua, mbele yangu." Natabasamu kwa meno tu.

Nachukua karatasi, nachora safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Tunajaza matukio yote matatu. Kila mara alikuwa ameitwa ubaoni. Kila mara aliishia kutolewa nje.

"Kwa hiyo ubaoni hukufika," nasema.

Ananitazama kwa mara ya kwanza. "Kujumlisha sehemu sijui, mwalimu. Wakianza kucheka..." Hamalizii.

Matusi yalikuwa yanamlipa, na adhabu ndiyo iliyokuwa malipo yenyewe.

Namuuliza: kuanzia 0 hadi 10, anaona ataweza kiasi gani kuomba msaada badala ya kutukana? "Nne." Mbona si moja? Anafikiri. "Si mwalimu mbaya. Ana haraka tu." Tunakubaliana: ataomba radhi, na akikwama ataweka kadi ukingoni mwa dawati.

Kumshawishi mwalimu ndiko kulikonimaliza. Sijui ilikuwa saa ngapi, chakula kilishapoa. "Yaani atukane, halafu abembelezwe?" Nikaeleza, nikarudia, nikamwonyesha zile safu tatu. Niliomba wiki mbili asimwite ubaoni, akanipa moja. Masomo ya ziada ya sehemu nitayatafutia mtu mwenyewe. Chama cha washauri wa shule cha Marekani hupendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Mimi nikisoma hivyo hucheka peke yangu.

Kipindi cha mwisho kilikuwa hisabati tena. Kadi imerudi kona imekunjwa, saini ya mwalimu ipo, na chini yake kaandika kwa kalamu nyekundu: "Hajatukana. Kachelewa dakika 5."

Nimeichomeka kwenye faili, viatu nimeshavivua chini ya meza.