Nilivyoiondoa simu ya kazi chini ya mto

Mwaka wa kwanza wa kazi hii nililala na simu chini ya mto. Ilikuwa simu yangu mwenyewe, laini ile ile ninayoongea na mama yangu aliye Muheza, lakini namba nilikuwa nimeigawa Ngamiani yote, Makorora, Mabawa, hadi Pongwe. Mimi ni muuguzi. Niliajiriwa na taasisi moja hapa Tanga mjini inayohudumia wagonjwa wa akili na wa kifafa: siku mbili za wiki tuko kliniki, siku tatu tunapita majumbani kwa baiskeli. Niliingia nikijua kuchoma sindano ya mwezi na kujaza kadi. Mengine nimefundishwa na nyumba za watu.

Nyumba ya kwanza kunifundisha iko Ngamiani, Barabara ya 14. Nilipiga hodi, nikamwamkia bi mkubwa, akaitikia na kunipitisha moja kwa moja uani. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, amekaa chini ya mwembe, mguu umefungwa kamba ya katani. Mama hakuona haya wala hakunificha. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga, akalifungua mbele yangu. Limejaa vidonge vyetu, vya miezi miwili.

"Mwanangu, hizi dawa zenu zinampinda shingo."

Alikuwa anasema kweli. Haloperidol, dawa ya akili tuliyompa, inaweza kumkaza mtu shingo, taya likakakamaa, ulimi ukawa mzito, hasa siku za mwanzo. Ipo dawa nyingine, benzhexol, ambayo huondoa hali hiyo, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwenye kadi tulimwandikia tu "aendelee na dawa." Mama kaona kwa macho yake shingo ya mtoto inavutwa upande, akajua jini limekataa dawa, akaacha kumpa. Mtoto alipochachamaa usiku, akamfunga asije akaangukia mikononi mwa watu wa mtaani. Ningekuwa mimi sijasoma uuguzi, ningefanya kama yeye.

Nilikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Habari za jini sikubishana nazo. Nilimwambia sheikh wake aendelee kumsomea, na dawa asizikose. Kesho yake daktari wetu alimpunguzia kipimo akamwongezea benzhexol. Wiki ya tatu niliporudi, kamba ile niliikuta imefungia mbuzi.

Siku hiyo ya kwanza nilitembelea nyumba 2. Fomu yetu ilitaka 8. Nilipigiwa simu jioni kuulizwa nilikuwa wapi. Hili liliniuma na linaniuma mpaka leo, maana nyumba 8 kwa siku ni kusalimia, kuchoma sindano na kuondoka, na kopo la maziwa halifunguliwi kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Basi nikaanza kuziba pengo kwa simu. Kila familia niliyoiacha haraka niliiachia namba. Wakapiga. Saa nne usiku, saa saba, saa kumi alfajiri. Mwingine dawa za kifafa zimekwisha tangu juzi na mtoto ameanguka mara tatu. Mwingine anauliza kliniki ni Jumanne au Alhamisi. Mke wa mtu analia tu, hana la kuuliza.

Kisha likatokea la Mabawa. Kulikuwa na kijana aliyerudi kutoka Lutindi, ile hospitali ya milimani Korogwe iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa ya wagonjwa wa akili. Kule wagonjwa hufanya kazi, na yeye alikuwa mchumaji wa chai. Alinionyesha kwa vidole jinsi unavyochuma, majani mawili na chipukizi, na uso wake ukachangamka. Nyumbani waliompenda walimweka barazani tangu asubuhi hadi magharibi wakimwambia apumzike. Hakuna aliyempa hata ndoo ya maji abebe. Akaacha dawa. Usiku mmoja akashika barabara ya Pangani kwa miguu. Siku ya nne alipatikana Tongoni, kilomita kama 17 kutoka mjini, miguu imevimba.

Kaka yake alikuwa amenipigia saa tisa usiku ule. Nilikuwa nimelala, sikusikia.

Tangu hapo usingizi ulinikimbia. Simu ikitulia naiangalia kama imezimika. Nikienda sokoni nasikia mlio ambao haupo. Nilimweleza mkuu wangu, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, kazi hii ni wito." Ofisini kwetu tunawafundisha watu wasifiche wanapoelemewa, na mimi niliondoka pale na mzigo wangu vile vile.

Nilinunua daftari la shule. Kwa wiki sita niliandika kila simu ya usiku: saa ngapi, ya nani, shida gani, dakika ngapi. Zilifika 53. Kati ya hizo, 31 zilikuwa za dawa kwisha au tarehe ya kliniki. 13 walitaka mtu wa kuwasikiliza. Za hatari zilikuwa 9. Nililipeleka daftari kwenye kikao cha wafanyakazi wote, nikasoma ukurasa mmoja tu, wiki moja. Mwenzangu wa Makorora akasema na yeye ana zake. Dereva akasema hata yeye hupigiwa.

Ilichukua miezi miwili. Tulipata simu ya ofisi, tunapokezana watu 4, kila mmoja wiki yake. Kadi zinaandikwa tarehe ya kurudi siku tatu kabla dawa hazijaisha. Familia za kifafa tumewaambia wazi kwamba kuanguka kukizidi dakika 5 wasitupigie sisi kwanza, wakimbilie hospitali ya Bombo. Ndugu wa wagonjwa tunakaa nao kliniki wakisubiri zamu, wanasikilizana wao kwa wao. Na kila Ijumaa jioni tuna saa moja na tabibu mstaafu, tunasema yaliyotukaa moyoni. Mshahara bado unachelewa. Idadi ya nyumba wameishusha hadi 5.

Bi mkubwa wa Barabara ya 14 alipiga usiku mmoja akapokelewa na mwenzangu. Kesho yake alininunia.

"Mwanangu, umenihama?"

Nilikaa naye, nikamweleza kwamba zamu ile haikuwa yangu na kwamba aliyepokea anamjua mwanawe kwa jina. Hakuridhika sana. Kijana ndiye aliyeinuka, akaokota kipande cha mkaa jikoni, akaniomba niisome ile namba taratibu, akaiandika ukutani kando ya mlango, tarakimu kubwa kubwa, ili mama yake aione bila miwani.